Akiba ya Hisani Mbele ya Kodi

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu cha 64, huihesabu jumuiya ya hisani kana kwamba yafanya biashara, kisha huiruhusu kuondoa katika hesabu fedha ilizozitumia kwa wahitaji pamoja na robo ya mapato yake. Kinachosalia hutozwa kodi. Sasa tutwae, mathalani, jumuiya ya Muleba itakayo kununua mashua ya injini ya kuwavusha wagonjwa wa kisiwa cha Bumbire: fedha hizo hazikusanyiki kwa mwaka mmoja, nayo akiba iliyolala benki yaweza kuonekana kuwa ni faida. Hapo sheria, kwa insafu, humpa Kamishna mamlaka ya kuikubali akiba hiyo kama iliyokwisha tumika, ilimradi mradi umebainishwa na jumuiya imejifunga kuutimiza. Sharti hilo ni la haki, na watu wa Bukoba, waliouliza sana habari za michango baada ya tetemeko la Septemba 2016, hawahitaji kuelezwa sababu. Linalonitia shaka ni kwamba idhini hiyo haiji ila kwa kuombwa, na mtunza hazina wa kisiwani, asiye na mhasibu, aweza kufunga hesabu za mwaka pasina kujua kwamba ilihitajika barua.