Utii si Kuitikia Tu
(Maneno yaliyosemwa bwaloni, siku ya mkutano wetu wa Wanafunzi wa Zamani)



Nilipokuwa mwanafunzi nilisimama mbele ya bwalo hili mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa naadhibiwa kwa kuchelewa paredi. Leo nimesimama kwa kualikwa, na nimefika kabla ya kengele.

Kamati imeniomba niseme juu ya mtu kuwa mtii kwa kiongozi mmoja kwa miaka mingi. Nadhani nimechaguliwa kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, na watu wengi huamini kwamba kazi ya mtumishi wa Serikali ni kuitikia. Lakini ninayo sababu nyingine ya kukubali. Wenzangu mtakumbuka kwamba nililala Bweni la Kawawa miaka minne. Wa Mkwawa na wa Mirambo walikuwa wakitutambia kwa vita vya mashujaa wao. Sisi tulipoulizwa wetu alipigana wapi, tulijibu, "Simba wa Vita!" kisha tukanyamaza, kwa kuwa zaidi ya hapo hatukujua kitu. Nimekuja kulipa deni hilo.

Marehemu Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 huko Songea. Alisoma Tabora, shule aliyotangulia kuisoma Mwalimu Nyerere, kisha akaajiriwa na Serikali ya mkoloni. Siku hizo mtumishi wa Serikali alikatazwa kuwa mwanachama wa TANU. Kawawa akaongoza chama cha watumishi Waafrika, na lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi mwaka 1955, yeye akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Hatimaye akaiacha kazi ya Serikali na mshahara wake, akaingia katika siasa moja kwa moja. Kwa hiyo msidhani kwamba Mwalimu alimwokota mtu asiye na kwake. Alikuwa na jeshi lake, nalo ni wafanyakazi.

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akakiimarishe Chama, na kiti akamwachia Kawawa, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 36. Fikirini, Ndugu zangu. Ofisi ni yako, magari ni yako, polisi wanakupigia saluti, na mwenye kiti yuko mikoani anazungumza na wakulima. Katika Afrika ya miaka ile, wangapi wangeinuka? Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo nchi ikawa Jamhuri, Mwalimu akarudi akiwa Rais, na Kawawa akainuka akawa Makamu wake. Aliazimwa kiti, akakirudisha.

Wala kukitunza kiti hicho hakukuwa bure. Katika mwaka ule ule wa 1962, akiwa Waziri Mkuu, zilipitishwa sheria zilizobana haki ya wafanyakazi kugoma. Mtu aliyepanda kwa ngazi ya vyama vya wafanyakazi ndiye aliyesimamia sheria hizo, na baadhi ya wenzake wa zamani hawakufurahi. Nawatajia jambo hili ili mjue kwamba utii una bei, na mara nyingine bei hiyo hulipwa na marafiki zako.

Januari 1964 askari walipoasi, Mwalimu na Kawawa walifichwa pamoja. Mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu tena. Mwaka 1977 kiti hicho alipewa Edward Sokoine, kijana kwake kwa miaka kumi na miwili, na Kawawa akawa Waziri wa Ulinzi. Wako watu ambao wakishushwa ngazi moja huugua ghafla, au hununa, au huanza kunong'ona usiku. Yeye aliripoti kazini, na vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978 vilimkuta hapo. Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Chama. Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka, na aliyeshika Urais ni Mzee Ali Hassan Mwinyi. Kawawa akaendelea na kazi ya Chama. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, miaka kumi baada ya Mwalimu, na hakuwahi kuwa Rais.

Hapa ningeweza kumaliza, nanyi mngepiga makofi, nasi sote tungekwenda kula. Lakini nisingewatendea haki.

Kazi nyingi za miaka ile ya 1972 hadi 1977 zilipita mikononi mwa Waziri Mkuu Kawawa. Ndiyo miaka serikali za mitaa zilipofutwa, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, na mamilioni ya watu wakahamishiwa vijijini, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Basi najiuliza: mtii afanye nini kiongozi wake anapokosea? Waliyosemezana wawili hao mlango ukiwa umefungwa ni siri yao. Ninayoweza kuwaeleza ni yangu mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi chini ya kiongozi mmoja, simtaji, ambaye nilimpenda kwa dhati. Alikuwa mchapakazi, hali rushwa, na alinivuta mkono nilipokuwa sina mtu. Lilipokuja agizo la madawati, aliahidi mbele ya wakubwa kwamba eneo letu litakamilisha. Siku ya taarifa ilipokaribia, mimi ndiye niliyekuwa na hesabu. Nilijua shule tatu ambazo watoto walikuwa bado wanakaa sakafuni. Hakuniambia niseme uongo. Aliniuliza tu, "Tumemaliza, sivyo?" Nami nikamtazama usoni, nikaona alivyochoka, nikajibu, "Tumemaliza, Mheshimiwa." Nikaandika asilimia 100. Niliita jambo lile utii.

Matokeo yake ni kwamba fungu la pili la mbao lilipogawanywa, eneo letu halikupata, kwani tulikuwa tumekwisha kamilisha. Watoto wale waliendelea kukaa chini mwaka mzima mwingine. Na yule kiongozi mambo yalipojulikana ndiye aliyeaibika, si mimi. Nilimsaliti kwa kumwitikia.

Nilipokwenda likizo nilimweleza marehemu baba yangu. Mwaka 1974 yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi, na picha ya Mwalimu haikutoka ukutani kwake mpaka alipokufa. Alinisikiliza, kisha akasema: "Mwanangu, wakati wa kuhamia kijijini nilimwamuru jirani yangu abomoe nyumba yake, na mtama wake ulikuwa bado shambani. Wiki tatu zingetosha akavuna. Mimi nilijua hivyo, na Katibu Kata hakujua, kwa kuwa hakuwa mkulima. Sikumwambia. Niliogopa nisije nikaonekana mpinzani. Yule mzee tumezeeka naye, ananisalimu kila asubuhi, lakini ndani ya nyumba yangu hajaingia." Nilimwuliza kama alijuta kumfuata Mwalimu. Akasema, "Kumfuata sijutii. Najuta kwamba Mwalimu alikuwa na macho kijijini, nayo ni mimi, na siku ile niliyafumba."

Ndugu zangu, tangu siku ile sijapata maneno bora kuliko hayo. Kiongozi hawezi kuwa kila mahali. Anayemtii ndiye macho yake, na macho yanayomwonyesha mtu analopenda kuliona humwangusha shimoni.

Wala tusiwadharau walioondoka. Oscar Kambona alikuwa Katibu Mkuu wa TANU na Waziri. Alitofautiana na Mwalimu, akaondoka nchini mwaka 1967, asirudi mpaka 1992. Edwin Mtei alijiuzulu Uwaziri wa Fedha mwaka 1979 kwa kutokubaliana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mtu asemaye waziwazi kwamba haafiki, kisha akakabidhi ofisi, huyo naye amemheshimu mkubwa wake. Anayebaki mezani huku akiandika asilimia 100 ndiye asiyemheshimu.

Kwa wadogo zetu nina mawili. La kwanza: mkiazimwa kiti, kikalieni kwa bidii kama chenu, na kirudisheni kama cha mwenzenu. Hilo tumefundishwa na mzee wa bweni letu. La pili: mtakapompata kiongozi wa kumpenda, na ninawaombea mumpate, mpeni hesabu iliyo sahihi hata siku ambayo itamnunisha. Atanuna wiki moja. Ukimdanganya, watanuna wengi, kwa miaka mingi.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, ninalo ombi. Milangoni mwa mabweni yetu yameandikwa majina peke yake. Naomba kila bweni liwekewe ubao wenye historia ya mwenye jina lake, mema yake na makosa ya wakati wake, ili mtoto akiulizwa asinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Ubao wa Bweni la Kawawa nitaulipia mimi, mbao na rangi. Na safari hii mwalimu wa zamu ahakikishe kwa macho yake kwamba umetundikwa, asipokee taarifa yangu tu.