Umbo la Mwanamke katika Mchoro Dhahania: Mafunzo kwa Wachoraji wa Mwanza

Mada kwa semina ya wachoraji wa Kanda ya Ziwa

Utangulizi

Mtalii anayetafuta picha ya ukumbusho jijini Mwanza huuziwa mwanamke yuleyule: kiuno kimepinda, mtungi kichwani, mtoto mgongoni, jua linazama ziwani. Uso hana. Mara nyingine picha hiyo hutajwa kuwa ya dhahania kwa sababu hiyo tu. Mada hii inadai kwamba kufuta uso hakutoshi. Mchoraji dhahania hupimwa kwa sababu iliyomfanya aondoe alichokiondoa, na Mtanzania aliyelionesha hilo waziwazi ni Everlyn Nicodemus.

Urithi wa Kanda ya Ziwa

Kufupisha umbo la binadamu hakukuletwa na meli. Bwanjai, mkoani Kagera, miamba imechorwa kwa rangi nyekundu watu na ng'ombe waliobaki mistari michache tu. Wasukuma nao walichonga sanamu za mbao za kuvutia watazamaji katika mashindano ya ngoma. Kiwiliwili kilikuwa kama gogo jembamba, na nyingine zilikuwa na mikono ya kuchezeshwa. Alama moja au mbili zilitosha kumtambulisha mwanamke. Habari za vyama hasimu vya ngoma, Bagika na Bagalu, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoasisiwa na Padre David Clement.

Ulaya ilijifunza ufupisho wa namna hiyo kutoka Afrika. Mwaka 1907, Pablo Picasso alichora wanawake watano wa danguro katika Les Demoiselles d'Avignon, wawili wao wakiwa na nyuso zinazofanana na vinyago. Mchoro huo uliitikisa sanaa ya karne nzima. Hata hivyo, wanawake wale walibaki vitu vya kutazamwa. Miili ilivunjwa vipande, lakini jicho lililowatazama lilikuwa lilelile la mteja.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, njia nyingine zilijaribiwa. Theresa Musoke alichora ukutani, katika bweni la wanawake la Mary Stuart, Chuo Kikuu cha Makerere, kazi inayohusu kuzaliwa. Watazamaji wake wa kwanza walikuwa wanafunzi wa kike waliopita hapo kila siku. Geoffrey Mukasa (1954–2009), aliyesomea sanaa Lucknow, India, aliwajenga wanawake wake kwa mabapa ya rangi.

Nicodemus: kusikiliza kabla ya kuchora

Everlyn Nicodemus alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973 na kusoma anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Maonesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1980 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Katikati ya miaka ya 1980 alianza mradi wa Woman in the World, katika nchi tatu: Denmark, Tanzania na India. Kila mahali alikaa kwanza na wanawake, wakazungumza kuhusu maisha yao. Kuchora kulifuata baadaye. Ndani ya michoro hiyo mtazamaji hawezi kunyoosha kidole na kusema huyu ni fulani. Ufupisho hapo unafanya kazi ya staha: maumivu yanaonekana, mwenyewe hatajwi.

Alipojichora, alitumia mbinu hiyohiyo kwa lengo tofauti. Katika Självporträtt, Åkersberga ya mwaka 1982, nyuso zinapandana na kuingiliana, kwa kuwa mama, mke na mchoraji ni mtu mmoja. Mwaka 2022, National Portrait Gallery ya London iliununua mchoro huo. Ulikuwa wa kwanza wa rangi, uliochorwa na mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe, kuingia katika hazina yake.

Mapendekezo

Wachoraji wa Mwanza wana nafasi ya kujaribu njia hii karibu na nyumbani. Soko la Mwaloni, Kirumba, lina wanawake wanaouza dagaa, wanaojua bei, mikopo, safari za visiwani na malezi ya watoto. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye kiuno kilichopinda.

Semina inaombwa kujadili mambo matatu. Kwanza, mchoraji akae na wanawake hao kabla ya kushika brashi, kwa ridhaa yao. Pili, wakubaliane mapema kipi kifichwe na kipi kioneshwe. Tatu, picha zikikamilika zioneshwe sokoni kwanza, kabla ya kupelekwa hotelini au kwa wanunuzi wa nje, ili waliosimulia waseme kama wanajitambua katika rangi hizo. Picha ikiuzwa, mgao wa fedha nao uamuliwe katika makubaliano ya awali, kwani simulizi lao ni sehemu ya kazi.