Muziki wa Harusi na Shangazi Asiyesikia



Ukipita mtaa wa Msimbazi Jumamosi alasiri, hukosi kukutana na gari la wazi lililobeba vijana wa matarumbeta, na nyuma yake msafara wa magari yenye maua. Wachukuzi wa Kariakoo hutua mizigo kidogo wakatazama. Sina ugomvi na tarumbeta. Ngoma ya beni ilianza mwambao wa Kenya miaka ya 1890, ikaenea hadi mji wetu, na wazee wetu waliicheza kwa fahari. Ninachotaka tuzungumze leo ni yale yanayotokea msafara ukishafika ukumbini.

Mdogo wangu alipooa, kamati ilikaa vikao vingi. Tulijadili kadi, sare, keki, vinywaji, hata rangi ya vitambaa vya meza. Muziki ulipewa dakika tano katika kikao cha mwisho, kwa agizo moja tu: atafutwe mwenye maspika makubwa. Nami nilikuwa mmoja wa waliokubali.

Yakaja makubwa kweli. Yakapangwa kando ya meza ya wazee, kwa kuwa hapo ndipo umeme ulipokuwa karibu. Shangazi yetu, aliyetoka Rufiji kwa basi, alikaa na mama mzazi wa bibi harusi kwa saa nne. Nilipokuwa namsindikiza nikamwuliza, "Shangazi, umewaonaje wakwe zetu?" Akasema, "Mwanangu, hata jina la yule mama sikulisikia."

Jibu lile lilinikaa moyoni. Tulichangisha watu fedha ili koo mbili zikutane, kisha tukalipia kelele za kuzizuia zisizungumze.

Waliotutangulia mjini hapa walijua kwamba kila muziki una saa yake. Vilabu vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan vilipigia watu waliokaa. Aliyeguswa na ubeti aliinuka taratibu, akamtuza mwimbaji, akarudi kitini. Bendi za dansi nazo, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye kujulikana kama Msondo Ngoma, au Mlimani Park ya mwaka 1978, zilianza wimbo polepole ili maneno yasikike, na chemko likaja baadaye. Mzee alipata sehemu yake, na kijana akapata yake.

Basi wanakamati, muziki uwekwe kwenye ajenda ya kikao cha kwanza. Mwandikieni mpigaji ratiba. Wakati wa chakula, sauti iwe ya chini, watu waulizane habari za safari. Wakati wa utambulisho, muziki uzimwe kabisa. Wakati wa zawadi, ziwepo nyimbo za pande zote mbili. Ulizeni upande wa pili wanapenda nini, msikisie. Vijana waachiwe saa za mwisho, wacheze wanavyotaka. Wazee wakalishwe mbali na maspika, hata ikibidi kununua waya mrefu zaidi.

Mshereheshaji naye apewe majina ya wazazi yameandikwa vizuri, na aambiwe mapema mizaha gani haifai mbele ya wakwe. Malipo yagawanywe: kiasi mwanzo, kilichobaki kazi ikiisha. Kubalianeni pia nani ananunua mafuta ya jenereta, maana umeme ukikatika hapana muda wa kubishana.

Wale wanaofunga mtaa kwa turubai, kama ilivyo desturi ya Kariakoo, waende mapema kwa serikali ya mtaa, na wawaambie majirani muziki utazimwa saa ngapi. Nyuma ya ukuta ule huenda kuna mgonjwa, au mtoto mwenye mtihani. Jirani aliyeombwa huvumilia, na pengine hata huleta sahani za kuongezea.

Shangazi yetu hakutulia. Mwezi uliofuata alipanda tena basi, akaja mjini, akaomba apelekwe kwa yule mama. Wakakaa barazani na kahawa tangu adhuhuri hadi magharibi, wakagundua kwamba waume zao waliwahi kufanya kazi pamoja bandarini. Nauli ya safari ile ya pili haikuwamo katika bajeti ya kamati. Aliilipa mwenyewe.