Babu wa Mbinguni na Madini ya Namtumbo

Ndugu msikilizaji, kila alfajiri hapa kwetu Mbezi Luis, katika stendi ya Magufuli, wapiga debe huita abiria wa Songea. Wapo wanaoendelea hadi Namtumbo, kwenye madini ya urani. Juma hili nataka tulitazame jina hilo, maana limetoka mbali kuliko basi lolote linakokwenda.

Ni jina la sayari. Tarehe 13 Machi 1781, mjini Bath, Uingereza, mwanamuziki William Herschel aliiona kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Akataka kuipa jina la mfalme wake, George wa Tatu. Mjerumani Johann Bode akapendekeza jingine. Hoja yake ilikuwa hivi: Mshtarii kwa Wayunani ni Zeus, nyuma yake yupo baba yake, Zohali, ndiye Kronos, basi nyuma ya Zohali na akae babu, Urano, yaani Mbingu. Jina la mfalme likafa, la babu likabaki. Mwaka 1789 mkemia Martin Klaproth wa Berlin alipogundua madini mapya, akayapa jina la sayari hiyo.

Babu huyo hakuwa mwema. Wayunani walisimulia kwamba Urano alimwoa Dunia, lakini akawachukia watoto wao, akawasukumia tena tumboni mwa mama yao. Dunia akaugua kwa uchungu, akatengeneza mundu, na Kronos akautumia kumhasi baba yake. Ndivyo ufalme ulivyomponyoka.

Leo tumbo hilo la dunia tunalifungua sisi. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe kupisha mgodi wa Mto Mkuju, na tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio huko.

Siupingi mgodi. Nchi inahitaji fedha, na vijana wanahitaji kazi. Lakini urani hutoa mionzi isiyoonekana wala kunuka, na maji ya Mkuju huishia Rufiji. Mama anayechota ndoo mtoni ana haki ya kuambiwa, kwa Kiswahili chepesi, maji yale yanapimwa na nani, lini, na majibu yanasemaje.

Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Urano naye alificha, na alichokificha ndicho kilichomwangusha.

Hadi juma lijalo, kwa heri.