Kambi ya Vijana Mlimani: Tujiandae
(Maneno kwa semina ya viongozi wa vijana)



Vijana wanapopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, tukumbuke kuwa wazazi wametukabidhi sisi. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Basi kila kijana awe na sweta, koti la mvua, tochi, maji na nguo kavu za kulalia.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema, hata yakibaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Kituo cha Horombo kiko mita 3,720. Anayeumwa kichwa na kutapika asiendelee kupanda. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, tena asishuke peke yake. Tusimwambie avumilie kwa imani. Tumwombee huku tukimshusha.

Tuwahesabu kila kituo. Kilele hakihami, tulichoagizwa ni kurudi na wote.

Mungu atubariki.