Habari Hii ni ya Nani? Kuilinda Kazi Yako Katika Mitandao ya Kijamii

Hotuba ya afisa wa polisi wa uhusiano wa jamii mbele ya wafanyakazi wa viwanda, shule, zahanati na vyama vya akiba na mikopo, Jinja



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo aghalabu halifiki kituoni likiwa jinai, bali hufika likiwa kilio. Mtu amepoteza kazi kwa sababu ya picha au maneno aliyoyatuma kwa simu yake mwenyewe, naye anataka polisi wamsaidie kuirudisha. Polisi hawana uwezo wa kumrudisha mtu kazini. Tuwezalo ni kuonya mapema, na ndiyo sababu ya kuwa mbele yenu leo. Katika nchi yetu mshahara wa mtu mmoja haumlishi mtu mmoja. Humo mna karo za watoto, dawa za wazee, kodi ya nyumba na deni la chama. Barua moja ya kuachishwa kazi husomwa na watu wengi.

Sikuja kuwaambia mnyamaze. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 29, inampa kila mtu uhuru wa kusema na kutoa maoni. Tena mnamo Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikitangaza kuwa batili kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno na hayakuwa na mpaka unaoeleweka. Afisa anayewaficha wananchi hukumu hiyo hawatendei haki. Lakini msichanganye mambo mawili. Jinai ni jambo moja, na kosa la kazi ni jingine. Mtu aweza asifikishwe mahakamani hata siku moja, na bado akakabidhi ufunguo wa ofisi na kitambulisho chake kabla ya jua kutua.

Mpaka kati ya uhuru na hatari hauonekani kwa urahisi, hasa pale kidole kinapokuwa juu ya kitufe cha kutuma. Kwa hiyo nawapeni swali moja tu la kuwaongoza, na ningependa kila mmoja aondoke nalo: habari hii ni ya nani?

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ndiyo iingiayo mtungini kila siku. Hujua kama maji yamejaa au yamepungua, kama ni safi au yana tope. Mfanyakazi ni kata. Anaingia mahali ambapo wengine hawaingii, anaona vitabu ambavyo wengine hawavioni, anasikia maneno yasemwayo mlango ukiwa umefungwa. Anayajua hayo kwa sababu ya kazi yake, na kuyajua hakumfanyi kuwa mwenyewe.

Natoa mifano, na kila mmoja ajitazame katika ule unaomfaa.

Dereva wa lori yumo katika foleni ya Malaba. Foleni haisogei, naye anajipiga picha ili ndugu wajue amefika salama. Nyuma yake laonekana kontena lenye namba yake, na mkononi ameshika hati za mzigo. Sura ni yake, lakini mzigo ni wa mwenye mali. Aliyekusudia kuwatuliza jamaa zake amewaeleza wezi ni lori gani, limebeba nini, na litapita barabara ya Tororo usiku upi. Likivamiwa, wa kwanza kuulizwa maswali ni yeye, na sisi polisi ndio tutakaomuuliza.

Muuguzi anasherehekea siku yake ya kuzaliwa katika wodi ya wazazi. Keki inakatwa, wenzake wanapiga makofi, picha inawekwa WhatsApp. Nyuma ya keki amelala mama ambaye hakuulizwa, na ukutani ubao una majina ya wagonjwa na namba za vitanda. Keki ni ya muuguzi. Jina la mgonjwa si lake. Sheria ya Ulinzi na Faragha ya Data ya mwaka 2019 inamlinda mama yule, na mtu anayetoa taarifa binafsi za mwingine kinyume cha sheria hiyo aweza kutozwa faini, kufungwa, au yote mawili. Hapa kosa la kazi na jinai hukutana katika picha moja.

Keshia wa chama cha akiba anapiga picha ya kompyuta yake kuonyesha jinsi kazi ilivyomzidi. Katika kioo cha kompyuta yasomeka majina ya wanachama na salio zao. Mwalimu anarekodi mtoto aliyeshindwa kusoma sentensi ubaoni, darasa zima likicheka, kisha anaituma video TikTok ili na wengine wacheke. Mlinzi wa kampuni ya ulinzi anacheza muziki langoni akiwa na sare na bunduki, saa tisa za usiku, na kila atazamaye anajua kwamba lango lile lina mlinzi mmoja, na kwamba saa ile macho yake yako kwenye simu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemtukana mtu. Hakuna aliyemchukia mwajiri. Kila mmoja ametoa kisicho chake.

Na sisi tuliovaa sare hatuko nje ya kanuni hii. Polisi wana kanuni zao za nidhamu zilizomo katika Sheria ya Polisi, na simu ya askari ina kamera kama zenu. Mtuhumiwa aliyekamatwa jana huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme vingine. Ndivyo kisemavyo kifungu cha 28 cha Katiba. Askari anayepiga picha ya uso wake na kuisambaza amechukua sifa ya mtu ambayo hakupewa aitunze kwa namna hiyo. Mkiona jambo la aina hiyo, lileteni kwa mkuu wa kituo. Hatuwezi kuwafundisha wengine tusichokitenda.

Wapo watakaosema: “Lakini mimi naandika katika kundi letu dogo, watu tunaofahamiana.” Ndugu zangu, kundi la watu 200 ni mkutano wa hadhara usio na jukwaa. Humo mna anayekupenda, anayekuonea wivu, na aliye shemeji ya meneja wako. Picha ya skrini huchukua nukta moja. Ukifuta ujumbe, umeufuta mahali ulipouweka, hukuufuta katika simu ya aliyeunakili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wala msidhani kwamba wanaodhurika ni watu mashuhuri tu. Mnamo Desemba 2013, mwanamke mmoja aliyekuwa mkuu wa mawasiliano katika kampuni ya Marekani alipanda ndege London kwenda Cape Town. Kabla ya kuondoka aliandika katika Twitter mzaha wa mstari mmoja kuhusu Afrika na ugonjwa wa UKIMWI, mzaha ulioidharau rangi ya watu. Wafuasi wake walikuwa wapatao 170 tu. Akafunga simu, na safari ilichukua saa 11. Aliposhuka, dunia nzima ilikuwa imekwisha kumhukumu, na kazi yake ikaisha. Tena mawasiliano ndiyo iliyokuwa taaluma yake! Baadaye alieleza kwamba hakukusudia hivyo; lakini mzaha husafiri bila sauti ya msemaji, na msomaji huusoma kwa sauti yake mwenyewe.

Wengine watasema: “Nikionewa, nitakwenda mahakamani.” Ni haki yako. Lakini sikiliza habari hii. Katika nchi ya Romania, mhandisi mmoja alifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa kuwaandikia nduguye na mchumba wake kwa akaunti ya ujumbe aliyoifungua kwa ajili ya wateja wa kampuni. Mwajiri alikuwa ameyafuatilia mazungumzo yake. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 5 Septemba 2017 majaji 11 dhidi ya 6 walisema kwamba faragha yake haikulindwa ipasavyo, kwa kuwa hakuarifiwa mapema kiasi cha ufuatiliaji ule. Alishinda. Lakini ilikuwa imepita miaka 10, na mbali na gharama za kesi hakupewa fidia. Haki ilipatikana, mshahara haukurudi. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, ila mafunzo yake mawili yanatufaa. Waajiri, andikeni kanuni zenu za simu na mitandao, mzisome kwa wafanyakazi kabla ya kumwadhibu mtu kwa kuzivunja. Wafanyakazi, simu na kompyuta ya kazini msizifanye sanduku la siri za nyumbani.

Sasa nafika penye uzito wa hotuba yangu. Itakuwaje kama kile ulichokiona mtungini ni tope? Umeona dawa za serikali zikiuzwa mlango wa nyuma. Umeona majina hewa katika orodha ya mishahara. Je, kwa kuwa habari si yako, unyamaze? La. Habari ya wizi wa mali ya umma ni ya umma, nawe una wajibu. Swali hapo ni mlango gani wa kuipitishia.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa mwaka 2010. Sheria hiyo inamlinda mfanyakazi, wa serikali au wa kampuni binafsi, anayetoa taarifa ya uovu kwa nia njema kwa mtu au ofisi iliyotajwa na sheria: kwa mwajiri wake, au kwa Inspekta Jenerali wa Serikali, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ofisi ya RDC, na pia polisi. Ni marufuku kumwadhibu kwa sababu ya taarifa hiyo. Na fedha zikirejeshwa kutokana na taarifa yake, sheria inamtengea asilimia 5 ya zilizopatikana. Angalieni tofauti iliyopo. Waraka uleule, ukipelekwa kwa Inspekta Jenerali wa Serikali, unakupa ngao. Ukiupiga picha na kuutupa Facebook saa nne za usiku, umejivua ngao hiyo, umempa mwizi nafasi ya kuficha vitabu, na kesho mjadala utakuwa juu ya nidhamu yako badala ya wizi wake. Hasira hasara.

Liko jambo jingine linaloangamiza kazi za watu wasio na kosa: akaunti kutekwa. Mtu anapigiwa simu, anaombwa tarakimu 6 zilizoingia katika ujumbe, anazitoa, na baada ya dakika chache jina na picha yake vinatumika kuwaomba wateja fedha au kuwatukana wakubwa. Tarakimu hizo msimpe mtu yeyote, hata akijiita afisa wa polisi. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili katika WhatsApp. Msiache simu bila kufuli kwenye kibanda cha kuchaji. Na likikupata, usingoje: wapigie wakubwa wako wa kazi uwaarifu, kisha njoo kituoni taarifa iandikwe katika kitabu cha matukio, upewe namba ya kumbukumbu. Kuandikisha taarifa hakulipiwi. Namba hiyo, yenye tarehe na saa, itakuwa shahidi wako siku utakapoulizwa.

Na aliyekwisha kuteleza afanyeje? Aondoe alichokituma, asibishane na wanaomtukana, na amwendee msimamizi wake kabla habari haijamfikia kwa mdomo wa mwingine. Ajue pia haki yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, naye mfanyakazi aruhusiwe kuwa na mtu mwingine wa chaguo lake. Akiona ameachishwa isivyo haki, amwendee afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3. Wengi huja kwetu mwezi wa tano, baada ya kuimaliza miezi mitatu wakilalamika mitandaoni.

Ndugu zangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi umehamia kidoleni. Jioni ya leo mtakapofika nyumbani, fungueni simu zenu, mpitie picha na maneno mliyoyaweka mwaka huu. Kwa kila moja ulizeni: hii ni ya nani? Ikiwa yako, iacheni. Ikiwa ya mgonjwa, ya mteja, ya mtoto wa mwenzenu au ya mwajiri, iondoeni kabla hajaiona mwenyewe. Na penye uovu, mlango wetu uko wazi usiku na mchana.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.