Mtapo katika Nyua za Ukambani

Msafiri wa Kijerumani Johann Maria Hildebrandt, aliyefika Kitui mwaka 1877 akiwa na azma ya kuufikia Mlima Kenya, ndiye ambaye jina lake wataalamu walikuwa wameupa, tangu mwaka 1874, mtapo wa pwani, mmea wa asili ya kale mno, wenye shina nene na taji la majani magumu, ambao wafaa kuwa pambo hata katika nyua zetu zenye uhaba wa mvua.

Naam, ukame hauudhuru kama uudhuruvyo wingi wa maji: uoteshapo katika chungu, nacho sharti kiwe na matundu chini, changanya udongo na mchanga mwingi na kokoto, wala usiumwagilie tena kabla udongo haujakauka, kwani mizizi ituamiwayo na maji huoza, na dalili huonekana wakati umekwisha kupita. Mbegu zake zina sumu. Watoto na mbuzi wasizifikie.

Nakusihini, msinunue mtapo uliong'olewa msituni, kwa kuwa jamaa yake yote barani Afrika imo katika daraja ya juu ya himaya ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mwulizeni mwenye kitalu kama mche umeoteshwa kwa mbegu.